Sura ya Saba: Mchezo Unapoingia Kwenye Orodha

Katika shule za sekondari za Marekani kuna heshima moja ambayo fedha hainunui. Ni herufi kubwa ya kitambaa, mara nyingi ile ya kwanza ya jina la shule, inayoshonwa kifuani mwa jaketi la mwanafunzi aliyechezea timu kuu. Mcheza kikapu huipata, mwogeleaji huipata, mkimbia nyika huipata. Mcheza bolingi kwa miaka mingi hakuipata. Jumamosi asubuhi alikuwa ukumbini na ligi ya vijana, anaangusha pini kumi kwa tufe moja, anamaliza mchezo na alama zaidi ya 200. Jumatatu akirudi darasani, hakuna mwalimu aliyekuwa na habari. Hakuna aliyemnyima chochote, ila mchezo wake haukuwa kwenye orodha ya michezo ya shule.

Orodha hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si serikali kuu. Kila jimbo la Marekani lina chama chake cha michezo ya sekondari. Juu yao lipo shirikisho la kitaifa, NFHS, linaloandika kanuni na kuhesabu washiriki, lakini haliwezi kulilazimisha jimbo lolote kuukubali mchezo fulani. Ndiyo maana historia ya bolingi ya shule ina viraka. Illinois iliwapa wasichana mashindano ya jimbo msimu wa 1972–73, ila wavulana wakasubiri hadi 2002–03. Michigan iliingia 2003–04. Kwingine bolingi ingali klabu tu: wazazi wanachangia ada, mzazi mmoja anajitolea kuwa kocha, na watoto wanafikishwa ukumbini kwa magari ya nyumbani. Watoto wawili wenye uwezo sawa, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya mpaka wa jimbo, wanaishi maisha mawili tofauti kabisa ya kimichezo.

Mchezo ukishakubaliwa, mambo yanayofuata ni ya kawaida mno, na ndiyo yenye uzito. Kocha analipwa posho. Basi la shule linapangiwa safari. Mchezaji anabanwa na masharti ya alama za darasani, kwa hiyo mwalimu wa hesabu anakuwa na sababu ya kumuuliza kocha habari za mtoto. Matokeo yanasomwa kwenye matangazo ya asubuhi. Na mtoto aliyeona michezo mingine yote inadai urefu, mbio au kifua kipana, anapata mahali. Kimo hakina kazi kubwa hapa. Tufe zito kuliko yote halizidi kilo saba na robo hivi, na anayelemewa anachagua jepesi.

Mbona basi bolingi ilichelewa? Sehemu ya jibu ni harufu. Kumbi za zamani zilijulikana kwa bia, moshi wa sigara na viatu vya kukodi vilivyopita miguu mingi, na mkuu wa shule mwenye hadhari hakutaka jina la shule yake litajwe humo. Sehemu nyingine ni umiliki. Shule ina uwanja wake, ina ukumbi wake wa kikapu, lakini njia za bolingi ni mali ya mfanyabiashara. Ajabu ni kwamba kikwazo hicho kiligeuka kuwa hoja. Njia za bolingi hukaa bure alasiri za siku za kazi, kati ya mteja wa mchana na ligi za watu wazima za usiku. Mwenye ukumbi anayewapokea wanafunzi saa hizo kwa bei nafuu anajaza pengo la leo na kulea wateja wa kesho. Shule nayo inapata mchezo bila kumwaga zege hata ndoo moja. Sioni ubaya wa mpango ambao kila upande unajua unafaidika na nini.

Asiyewahi kuona bolingi ya timu hudhani ni watu watano wanaocheza kila mmoja lake. Mara nyingine ni hivyo. Lakini shule na vyuo hutumia sana mtindo wa Baker, uliopewa jina la Frank Baker, kiongozi wa zamani wa chama cha bolingi cha Marekani. Mchezo mmoja una awamu kumi. Katika mtindo huu wachezaji watano wanaugawana: wa kwanza anarusha awamu ya 1 na ya 6, wa pili ya 2 na ya 7, hivyo hivyo hadi wa tano, ambaye ana ya 5 na ya 10. Alama ni moja, ya wote. Ukiangusha pini zote kwa tufe moja, hesabu yako inasubiri matupo mawili yanayofuata, na hayo ni ya mwenzako. Akiharibu, kazi yako imepungua thamani wakati wewe umekaa kwenye kiti. Wa mwisho, anayefunga awamu ya kumi, hupewa nafasi hiyo kwa utulivu wake kuliko kwa wastani wake. Kwa macho yangu, mtindo huu ndio ulioufanya mchezo ufae shule: unampa kocha kitu cha kufundisha zaidi ya mkono na mguu.

Wastani wenyewe ni shahidi wa kuhojiwa. Njia ya bolingi, yenye mita 18 na ushee hadi pini ya mbele, hupakwa mafuta yasiyoonekana kwa macho, na tufe huteleza juu yake kabla ya kupata mkwaruzo na kupinda. Kumbi nyingi hupaka mafuta mengi katikati na kidogo pembeni. Ukirusha nje kidogo, ukavu unalirudisha tufe. Ukirusha ndani kidogo, mafuta yanalishikilia lisipinde mno. Kosa linasamehewa pande zote mbili. Kwenye mashindano ya vyuo mafuta hutandazwa kwa usawa zaidi, na msamaha huo unatoweka. Mwanafunzi aliyezoea 210 nyumbani anaweza kushuka vibaya asielewe kimempata nini. Kwa hiyo kocha wa chuo mwenye uzoefu hatosheki na karatasi ya wastani. Anatazama pini moja iliyobaki pembeni: kijana anaiangusha au anaikosa? Anatazama anachofanya tufe likianza kupinda mapema kwa sababu mafuta yamekauka: anasogeza miguu, anabadilisha tufe, au anazidisha nguvu?

Chuoni ndiko fursa ilikofunguka zaidi, hasa kwa wasichana, na mlango ulifunguliwa na sheria. Title IX ya 1972 ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Kwa chuo chenye kikosi kikubwa cha futiboli ya Kimarekani, maana yake ni kwamba lazima nafasi za wanawake ziongezwe. Bolingi ilikuwa njia ya gharama ndogo. Mwaka 1994 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliuweka mchezo huu katika orodha ya michezo chipukizi ya wanawake; vyuo vilipofikia idadi iliyotakiwa, ubingwa wa kwanza ulichezwa 2004, na Nebraska ikautwaa.

Miongoni mwa walioingia mapema ni vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, na hapo pana jambo lisilofaa kupitwa haraka. Chama kikuu cha bolingi cha wanaume, kilichoanzishwa 1895, kiliwazuia wasio Wazungu kuwa wanachama hadi 1950, kilipobanwa na vyama vya wafanyakazi na mahakama. Wachezaji Weusi walikuwa wameshaunda chama chao Detroit mwaka 1939. Mwaka 2008 University of Maryland Eastern Shore kikawa chuo cha kwanza cha aina hiyo kutwaa ubingwa wa NCAA wa bolingi, kikarudia 2011 na 2012. Nje ya vyuo hivyo, miaka miwili baada ya ushindi ule wa kwanza, Kelly Kulick, aliyepitia bolingi ya chuo huko Morehead State, aliwashinda wanaume katika Tournament of Champions, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la ziara ya PBA, chama cha wachezaji bolingi wa kulipwa.

Wavulana wana njia yenye mawe zaidi. NCAA haina ubingwa wa bolingi wa wanaume. Mwenye kipaji hutafuta chuo kilicho chini ya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, chenye mashindano ya jinsia zote mbili, au timu ya klabu chini ya USBC, chama cha taifa kilichozaliwa 2005 baada ya vyama kadhaa kuungana. Baadhi ya klabu hizo zina makocha na sifa kuliko timu rasmi za vyuo vingine, ila ufadhili hutofautiana mno, na mzazi anapaswa kuuliza kabla ya kusaini chochote: nani analipa safari, nani analipa matufe, na nafasi ya mwaka wa pili inategemea nini.

Kuna pia SMART, akaunti za ufadhili zinazosimamiwa na USBC. Kijana akishinda mashindano ya Jumamosi, zawadi yake inaweza kuandikwa humo kwa jina lake, ikakaa hadi aanze masomo ya juu, kisha ikalipwa kwa chuo. Zawadi moja moja huenda ikawa ndogo, lakini aliyeanza akiwa na miaka kumi anaweza kufika chuoni akiwa na kiasi cha kupunguza ada. Akaunti hiyo haimuulizi kama jimbo lake liliwahi kuutambua mchezo wake.