Tezi ya Pituitari na Athari za Dawa na Vileo

Miongoni mwa viungo vidogo mno katika mwili wa binadamu ni tezi ya pituitari. Tezi hii, ambayo imeshikizwa chini ya ubongo, ina ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takriban nusu gramu. Licha ya udogo huo, ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine, zikiwemo thairoidi, adrenali na tezi za uzazi. Kwa hivyo, chochote kinachoivuruga huuvuruga mwili mzima.

Mfano bora ni ule wa dawa za jamii ya kotisoni. Mwaka wa 1950, Kendall, Reichstein na Hench walituzwa Nobeli kwa utafiti wao kuhusu homoni za adrenali. Tangu hapo, dawa hizi, mathalani prednisoloni, zimewafaa wagonjwa wengi wa pumu na wa baridi yabisi. Hata hivyo, pituitari haiwezi kutofautisha dawa na homoni ya mwili. Inapohisi kwamba damu imesheheni, huacha kuzichochea adrenali, nazo hunywea kwa kukosa kazi. Mgonjwa aliyezitumia kwa majuma kadhaa akiziacha ghafla, mwili hubaki bila dawa na bila homoni. Hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na huenda akafa. Hatari iyo hiyo huwakabili wanaojipaka kwa muda mrefu krimu za kujichubua zenye klobetasoli, kwa kuwa dawa hiyo hupenya ngozi na kuingia damuni.

Vileo navyo havijasazwa. Pombe huizuia pituitari kutoa homoni inayohifadhi maji mwilini. Ndiyo sababu mlevi hukojoa mara kwa mara na kuamka na kiu. Heroini, ambayo imewaathiri vijana wengi wa pwani ya Kenya, hukandamiza homoni zinazochochea uzazi, hata hedhi ikakatika na ashiki ikafifia. Aidha, baadhi ya dawa za maradhi ya akili huzidisha prolaktini, na mwanamke asiyenyonyesha akatokwa na maziwa.

Ni dhahiri basi kwamba tiba yenyewe si adui. Adui ni matumizi yasiyo na mwongozo. Aliyezoea dawa za kotisoni hupunguziwa kipimo hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari, mpaka tezi zizinduke. Haraka haraka haina baraka.