Flashi za Kamera Zinazowashwa kwa Mawimbi ya Redio

Huenda umewahi kuona jambo hili ukumbini siku ya harusi. Mpiga picha yuko katikati na kamera yake, na pembeni kuna flashi mbili zimesimamishwa juu ya miguu ya chuma. Akibonyeza kamera, flashi zote zinawaka kwa pamoja, ingawa hakuna waya unaoziunganisha. Kifaa hiki ni mfano mzuri wa matumizi ya mawimbi ya sumakuumeme, na kinabeba mtego mmoja. Ukiulizwa kwa nini redio hutumika badala ya infraredi, usiandike kwamba "redio ina kasi zaidi". Jibu hilo ni kosa, na utakosa alama. Soma hatua zifuatazo uone sababu.

1. Nishati ya flashi inatoka wapi?

Ndani ya flashi kuna betri, kapasita na bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Betri nne za 1.5 V zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa 6 V tu. Saketi ya ndani huikuza volteji hiyo hadi mamia ya volti na kuijaza kapasita. Amri ikifika, kapasita humwaga chaji yake kupitia gesi, nayo gesi hutoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana.

Mfano: Kapasita ya 1000 µF imechajiwa hadi 300 V. Tafuta nishati iliyohifadhiwa.

E = ½CV²
E = ½ × 0.001 × 300 × 300
E = 45 J

Zingatia: Nishati hii yote inatoka kwenye betri za flashi yenyewe. Mawimbi ya redio hayapeleki umeme wa kuwasha flashi, bali yanapeleka amri tu.

Tahadhari: Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya flashi kuzimwa na betri kutolewa. Usifungue flashi mbovu kwa udadisi. Umeme uliobaki ndani unaweza kukudhuru vibaya.

2. Amri inafikaje bila waya?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mwanga: kifaa kilicho juu ya kamera hutoa mimweko mifupi, au miali ya infraredi, na flashi ya mbali huipokea kwa kihisi chake. Ya pili ni redio: kifaa cha kutuma hurusha mawimbi, na antena iliyo ndani ya flashi huyapokea.

Zamani mpiga picha aliyetaka redio alilazimika kununua vifaa vya pembeni na kuvifunga kwenye flashi. Mwaka 2012 kampuni ya Canon ilitoa flashi ya 600EX-RT yenye redio ndani yake, inayotumia masafa ya 2.4 GHz na kufanya kazi hadi umbali wa takriban 30 m. Nikon ilifuata mwaka 2016 na flashi ya SB-5000.

3. Kasi ni ile ile

Infraredi, mwanga unaoonekana na redio vyote ni mawimbi ya sumakuumeme. Katika ombwe vyote husafiri kwa kasi moja, 3 × 10⁸ m/s, na hewani tofauti ni ndogo mno. Kwa hiyo, kwa umbali wa 30 m:

Muda = umbali ÷ kasi
Muda = 30 ÷ (3 × 10⁸)
Muda = 1 × 10⁻⁷ s

Tuseme shata ya kamera inakaa wazi kwa 1/200 s, yaani 0.005 s. Muda huo ni mara 50,000 ya muda wa wimbi kufika. Lakini kama amri ingesafiri kwa sauti, yenye kasi ya takriban 340 m/s hewani, ingechukua karibu 0.09 s. Shata ingekuwa imeshafungwa zamani, na picha ingetoka giza. Kwa hiyo kasi inatutenga na sauti, lakini haitofautishi redio na infraredi.

4. Basi tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye urefu wa wimbi. Tumia kanuni v = fλ.

Kwa redio ya 2.4 GHz:
λ = (3 × 10⁸) ÷ (2.4 × 10⁹) = 0.125 m, yaani 12.5 cm.

Infraredi ya rimoti za kawaida ina urefu wa wimbi wa karibu 0.00000094 m. Wimbi la redio ni refu zaidi ya mara laki moja. Kutokana na hilo:

(a) Infraredi husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Pazia zito, nguzo au mtu akikatiza, amri haifiki. Redio hupenya nguo, mbao na kuta nyepesi, na hupinda kiasi kuzunguka vizuizi.

(b) Jua hutoa infraredi nyingi. Mchana uwanjani, kihisi cha flashi huzidiwa na kushindwa kuitambua amri. Redio ya 2.4 GHz haisumbuliwi na mwanga wa jua.

Jaribu nyumbani: Ziba mbele ya rimoti ya televisheni kwa kitabu kisha bonyeza. Kwa kawaida televisheni haitaitika, isipokuwa miali ikiakisiwa ukutani. Sasa funika redio kwa kanga. Itaendelea kuimba.

Zingatia: Usiandike kwamba redio hupenya kila kitu. Bati na chuma huiakisi, na maji huifyonza kwa kiasi. Mwili wa binadamu una maji mengi, hivyo umati wa watu hudhoofisha mawimbi. Pia, ndani ya chumba kidogo chenye kuta nyeupe, infraredi hufanya kazi vizuri kwa sababu inaakisiwa ukutani.

5. Kwa nini kuna chaneli na namba ya utambulisho?

Masafa ya 2.4 GHz hutumiwa pia na Wi-Fi na Bluetooth. Wapiga picha wawili wakiwa ukumbi mmoja, kamera ya mmoja ingeweza kuwasha flashi za mwingine. Ndiyo maana kifaa cha kutuma na flashi huwekwa kwenye chaneli moja na namba moja ya utambulisho. Flashi ikipokea amri yenye namba tofauti, haiwaki.

Flashi pia hugawanywa katika makundi, A, B na kuendelea, ili mpiga picha abadilishe nguvu ya kila kundi akiwa amesimama penye kamera: nguvu kamili, 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea.

6. Maswali na majibu

Swali la 1: Flashi iliyo 2 m kutoka kwa bibi harusi inatumia 1/4 ya nguvu yake. Ikisogezwa hadi 4 m, itumie nguvu gani ili mwanga unaomfikia ubaki ule ule?

Jibu: Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali umeongezeka mara 2, hivyo mwanga umepungua mara 2² = 4. Nguvu inayohitajika ni 4 × 1/4 = 1, yaani nguvu kamili.

Swali la 2: Flashi imewekwa nyuma ya pazia zito. Eleza kwa nini amri ya redio inaifikia lakini ya infraredi haiifikii. (Alama 3)

Jibu: Yote mawili ni mawimbi ya sumakuumeme yenye kasi sawa (alama 1). Infraredi ina urefu mdogo wa wimbi, hivyo huzuiwa na pazia (alama 1). Redio ina urefu mkubwa wa wimbi, hivyo hupenya pazia na kuifikia antena (alama 1).

Soma tena alama ya kwanza. Anayeandika kwamba redio ina kasi zaidi anaipoteza hiyo kabla hajafika kwenye sababu yenyewe.