Pensheni ya Askari Aliyejeruhiwa: Jinsi Inavyopimwa na Kulipwa

Katika Machakos ziko koo nyingi zilizotoa askari au wachukuzi wa mizigo wakati wa vita vikuu viwili. Wengi walirudi wazima. Wengine walirudi bila mguu, bila jicho, au na kifua kibovu. Kwa hiyo neno pensheni si geni Ukambani, lakini maana yake haijawa wazi kwa wote. Wako wanaoidhania kuwa ni zawadi, na wako wanaodhani kwamba kila aliyevaa sare hustahili kuipata. Yafaa jambo hili lielezwe.

Malipo ya namna tatu

Malipo ya askari ni ya namna tatu, nayo yasichanganywe. Mshahara ni ujira wa kazi. Kiinua mgongo ni fedha anazopewa mara moja anapoagwa jeshini. Pensheni ya jeraha ni fedha anazolipwa tena na tena kwa sababu utumishi wake umempunguzia nguvu za kutafuta riziki. Hii si sadaka, ni deni. Lakini mwenye kudai deni hutakiwa ushahidi, na hapo ndipo taabu huanzia. Mambo matatu lazima yathibitishwe: kwamba mwombaji ndiye yule askari aliyeandikwa, kwamba aliumia kazini, na kwamba ameumia kwa kadiri fulani.

Taabu ya Wamarekani

Taabu hii ni ya zamani. Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao, mwaka 1776 Baraza lao kuu liliahidi nusu ya mshahara kwa aliyepoteza kiungo au uwezo wa kujitafutia riziki. Ahadi ilikuwa rahisi kuliko kuitimiza. Mwaka 1792 ilitungwa sheria kwamba mwombaji aende mbele ya majaji, akiwa na ushahidi wa mkubwa wake wa jeshi, au wa watu wawili waaminifu, na tena ushahidi wa majirani watatu wenye ardhi juu ya maisha yake. Majaji wangependekeza kiasi cha fedha, na Waziri wa Vita aliweza kumzuia yule aliyeshukiwa udanganyifu.

Majaji wengi walikataa. Walisema hiyo si kazi ya mahakama, na hukumu ya jaji haiwezi kutenguliwa na waziri. Askari mmoja wa Pennsylvania, William Hayburn, aliyepeleka ombi lake, hakusikilizwa. Wakubwa walipokuwa wakibishana juu ya mamlaka, vilema walikuwa wakingoja. Mwaka 1793 sheria ilibadilishwa, na kazi ya kukusanya ushahidi ikapewa majaji wa wilaya au makamishna watatu. Kisha, mwezi wa Novemba mwaka 1800, ofisi ya Wizara ya Vita iliungua na karatasi nyingi za maombi zikateketea. Jeraha lilibaki mwilini, lakini ushahidi ulikuwa majivu.

Ukambani

Huko Afrika ya Mashariki, katika vita vya 1914 hadi 1918, watu wengi wa Machakos walichukuliwa katika jeshi la wachukuzi, lililoitwa Kariakoo. Kila mchukuzi alipewa namba. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na ugonjwa wa mapafu. Jambo hili ni kubwa katika habari ya pensheni, kwa maana risasi huacha kovu linaloonekana, lakini ugonjwa hauachi alama ambayo karani aweza kuitazama. Tena majina yaliandikwa na makarani wasiojua Kikamba. Mutua aliweza kuandikwa Mtua au Mutuwa, na asipatikane tena kitabuni. Mishahara ya wachukuzi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe.

Katika vita vya 1939 hadi 1945, Wakenya wapatao 98,000 waliandikwa jeshini, na Wakamba walikuwa wengi sana katika King's African Rifles, yaani Keya. Walipigana Uhabeshi na Burma. Safari hii vitabu viliandikwa vizuri zaidi, na askari aliondoka na cheti chenye namba yake. Lakini usawa haukuwapo. Hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba katika kiinua mgongo cha vita hivyo, askari Mzungu wa cheo cha chini katika Afrika ya Mashariki alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na senti 50.

Kupima jeraha

Waingereza, kwa majeshi yao wenyewe, walipima jeraha kwa sehemu za mia. Aliyepoteza macho mawili au viungo viwili alihesabiwa mia kwa mia. Wengine walipungua kwa kadiri ya hasara. Kipimo hiki ni rahisi kwa ofisi, lakini hakitazami kazi ya mtu. Mguu mmoja wa karani na mguu mmoja wa mkulima wa milima ya Mua huandikwa sawa, hali mmoja huketi kitini na mwingine hupanda matuta akiwa na jembe.

Ushahidi uhifadhiwe

Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza paundi milioni 12 ili askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio maskini wapate milo miwili kwa siku. Ilikuwa zaidi ya miaka 70 tangu vita kwisha, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Basi familia yenye askari, wa zamani au wa sasa, ihifadhi cheti chake cha jeshi mahali pakavu, pamoja na karatasi za hospitali. Jina liandikwe kwa namna moja katika hati zote. Ugonjwa ulioanzia kazini uandikwe na daktari mapema, kabla mashahidi hawajatawanyika. Mzee asiyejua kusoma asaidiwe na mtoto wake aliyesoma. Askari amekwisha kutoa kiungo chake. Asipoteze haki yake kwa sababu ya karatasi.