Kandarasi ya Kompyuta Inapokwisha

Mtaalamu wa kompyuta anayefanya kazi kwa kandarasi hukosa kipato tangu siku ile mkataba unapokwisha, ilhali kodi ya nyumba hapa Malvern haingoji. Kwanza hati za malipo zitazamwe. Iwapo mwajiri alikuwa akikata asilimia 1 ya mshahara kwa ajili ya UIF, yaani mfuko wa bima ya wasio na kazi, mafao yaweza kudaiwa ndani ya miezi 12. Kuwa mgeni mwenye kibali halali si kizuizi. Aliyejiajiri mwenyewe hana haki hiyo, jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Mikopo ya mashonisa iepukwe. Sheria ya Mikopo ya mwaka 2005 inamkataza mkopeshaji kushikilia kadi ya benki au kitambulisho cha mdaiwa.

Lililo zito zaidi ni dawa. Bima ya afya ikikoma, baadhi ya watu huacha vidonge vya shinikizo la damu au kisukari ili kubana matumizi, na hasara yake hupita kodi ya miezi mingi. Asiye na bima hutibiwa bure katika kliniki ya serikali kwa huduma za msingi. Kukosa usingizi kwa sababu ya madeni nako muuguzi aelezwe.