Unataka kuifunga ndai yako kaboni faiba? Chunga resini kabla mwili wako uikatae

Kama umekuwa ukicheki zile video za wasee wakitengeneza boneti na spoila za kaboni faiba kwa gareji, najua umeshaanza kupiga hesabu. Subaru iko, ama ni ya buda wako na ameshakubali. Kitambaa unaagiza mtandaoni, resini unanunua kwa wauzaji wa kemikali tao, kazi unafanyia nyuma ya ploti. Poa sana. Lakini kuna kitu hizo video hupitisha mbio: hii kazi inaweza kukutoa kwa hustle kabisa, na haikupigii honi kwanza.

Kaboni faiba yenyewe ni kitambaa tu, nyuzi nyembamba kuliko nywele zako. Ukiishika kavu inalegea kama shuka. Kinachoipa ugumu ni resini, mara nyingi epoksi, inayochanganywa na hadina ndio ishike. McLaren waliingia nayo Formula 1 mwaka wa 1981 na gari yao MP4/1, ya kwanza huko kuwa na chasi ya kaboni, na leo kila mtu anataka hiyo luku nyeusi ya kusukwa.

Watu huogopa kaboni juu inawasha. Mimi nakwambia uogope resini kwanza. Epoksi mbichi ikikudondokea mkononi, mara nyingi husikii kitu. Unapangusa na suruali, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba mwili unaweka rekodi. Unajipaka leo, unajipaka wiki ijayo, halafu siku moja mikono inavimba, vipele vinatoka, kope zinafura kama umepigwa ngumi. Hiyo ni aleji, na ikishaingia haitoki. Daktari anaweza kutuliza muwasho, lakini ukigusa hiyo epoksi tena, hata kidogo tu, inarudi. Kuna wenye inawashika baada ya wiki chache, kuna wa miaka, na kuna wenye haiwashiki kamwe. Huwezi jua uko upande gani mpaka ikushike.

Kwa hivyo glavu si za urembo. Nunua za naitrili, si zile za lateksi, na ukiona zimechafuka toa uvae zingine. Zikiwa na resini usishike simu, wala usijikune pua. Na hii ya kuosha mikono na thina ama petroli, wacha kabisa manze! Thina inayeyusha resini na kuisaidia kupenya ngozi. Pangusa na karatasi kavu, kisha sabuni na maji.

Sasa, epoksi ni bei, so wengi huanza na poliesta, ile ya mafundi wa faibaglasi. Hiyo ina harufu kali ya stairini ambayo inaumiza kichwa, inakupa kizunguzungu, na mvuke wake unashika moto. Jiko, sigara na mtu wa kuchomelea vyuma wakae mbali. Lakini noma yenyewe iko kwa ile chupa ndogo ya katalisti, MEKP. Inakaa maji tu. Tone moja kwa jicho linaweza kukuacha kipofu, kwa hivyo hakuna kuifungua bila miwani ya kufunika macho yote. Usiwahi kuihifadhi kwa chupa ya soda, hasa kama kuna mtoi kwa ploti. Ikikuingia jichoni, osha na maji safi yanayotiririka dakika 15 ama zaidi, kisha hospitali moja kwa moja, si kwa chemisti kununua dawa ya matone. Na kama resini yako inatumia akselereta ya kobalti, hiyo na MEKP zisikutane peke yake kwa mkebe. Zinaweza kulipuka. Akselereta inachanganywa kwa resini kwanza, MEKP inakuja mwisho.

Maski ya hospitali haizuii mvuke, hata ukivaa tatu. Unataka ile ya mpira yenye katriji mbili za mvuke wa kemikali, na filta ya vumbi juu yake. Halafu kuna hii imani ya mtaa ati ukinywa maziwa jioni yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni, buda. Mapafu iko barabara ingine.

Changanya kidogo kidogo. Resini na hadina zikikutana zinatoa joto, na zikiwa nyingi kwa kikombe kimoja hilo joto halina pa kwenda. Kikombe kinaanza kuyeyuka, moshi unatoka, wakati mwingine moto. Mimina kwa treya pana upate muda. Walio Mombasa wachunge zaidi, kwa sababu joto la huko linafanya resini ishike haraka kuliko asubuhi ya baridi kule Limuru. Na fuata vipimo vya kwa mkebe. Kuongeza hadina kwa epoksi ndio ikauke haraka ni kuharibu tu, itabaki laini na ya kunata.

Ikishakauka, ukataji ndio unaleta ile shida ya kaboni yenyewe. Ncha zake zinadunga kama sindano. Vumbi lake linapitisha stima, so likiingia kwa grainda ama soketi linaweza kupiga shoti. Tumia msasa wa maji ndio vumbi lisiruke, na usijipulize na kompresa ukimaliza, juu unalirudisha usoni. Nguo za kazi zifuliwe kivyake. Pia usikimbilie kupiga msasa masaa machache baada ya kumwaga, kwa sababu vumbi la epoksi isiyoiva vizuri linaleta ile ile aleji. Ipe siku kadhaa.

Na kama unaishi bedsita, tafuta kibanda ama uombe nafasi kwa gareji yenye hewa. Huwezi kulala mahali umemwaga resini mchana. Masalio usimwage kwa mtaro. Yaache nje yakiwa yametandazwa membamba mpaka yawe magumu kama jiwe, ndio utupe na takataka zingine.