Samaki wa mapambo: Shibe inavyoua vifaranga

Maji ya Ziwa Tanganyika hutokea Kalemie kwa Mto Lukuga, huingia Lualaba na kupita Nyangwe, Maniema. Samaki aina ya Tropheus hafuati safari hiyo. Asili yake ni ziwani, ingawa leo hufugwa kwenye matangi ya kioo hadi Ulaya.

Jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban mwezi mmoja, na akila, chakula kingine huliwa na watoto walio humo humo. Kwa hiyo mfugaji mpya asimkamue mapema. Amwache awateme mwenyewe, kisha awatenge na samaki wakubwa.

Hatari huanza hapo. Vifaranga huwa wachache, mara nyingi hawafiki 20, na kila anayewaona hutaka kuwashibisha. Chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia, na katika maji yenye alkali nyingi kama ya Tanganyika sumu hiyo huwa kali zaidi. Asubuhi unawakuta wanaelea.

Wape chakula kilichosagwa, kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kiishe ndani ya dakika chache. Uchafu wa chini uvute kwa mpira mwembamba, na maji ubadilishe sehemu tu, mapya yawe na joto lile lile. Mdomo wa chujio ufunike kwa sponji, la sivyo utawameza.