Irabu Ndefu katika Raga na katika Shairi

Abdul Karim Khan (1872–1937), mwimbaji mashuhuri wa mtindo wa Kirana katika Bara Hindi, aliacha katika santuri wimbo wa raga iitwayo Jhinjhoti. Wimbo huo hudumu dakika tatu na kitu tu, kwani upande mmoja wa sahani za siku zile haukuweza kuchukua zaidi. Raga si mahadhi yaliyokwisha tungwa. Ni kanuni ya sauti zitumikazo, jinsi ya kuzipanda na kuzishuka, na zipi ni za kutulia. Katika Jhinjhoti sauti ya saba hushushwa, na mwimbaji hupenda kukaa katika tabaka za chini. Maneno yenyewe ni machache mno: malalamiko ya mtu aliyetengana na mpenzi wake. Hurudiwa tena na tena, na irabu zake huvutwa hata neno likawa karibu kusahauliwa.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Kihindi hutenga irabu fupi na ndefu: *kam* ni "chache", *kaam* ni "kazi". Mvuto wa raga huifunika tofauti hiyo, wala msikilizaji hapotei, maana maneno machache yanayorudiwa hujieleza yenyewe.

Mzigula wa Chanika, katika Handeni, angeisikia sahani hiyo kwa sikio jingine. Katika Kizigula mwinuko wa sauti ni sehemu ya neno. Baadhi ya mizizi ya vitenzi ina toni ya juu, mingine haina. Katika raga mwinuko hautengi neno na neno. Kiswahili, ambacho pia hukisema, hakina toni. Lakini kina mtego wake katika urefu. Nani asiyejua umbali uliopo baina ya *kufa* na *kufaa*?

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri za Kiswahili, nazo zilibanwa na mpaka uleule wa wakati. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo minne ya mizani 16, yaani silabi 64. Mwimbaji akizivuta zote kama Khan, sahani itakwisha kabla ya ubeti wa pili. Kwa hiyo taarabu, hata ilipochukua baadaye mahadhi ya filamu za Kihindi, kama alivyofanya Juma Bhalo wa Mombasa (1942–2014), haikuchukua pamoja nayo ule uhuru wa kulizamisha neno.

Hata hivyo mwimbaji wa Kiswahili huvuta irabu, hasa mwishoni mwa kipande, penye kina. Je, *kufa* ikivutwa hapo haitageuka *kufaa*? Haigeuki kwa aliyezoea mashairi. Sikio lake limekwisha hesabu mizani nane. *Kufaa* ingeleta ya tisa.